Jumamosi kuna kitu? Mwongozo wa kuwatunza wafanyakazi baada ya karakana kuungua

Karakana yetu ya kushona sare za shule iliungua usiku, wiki ya pili ya Desemba, pamoja na fremu zote za mstari ule. Wanaoshona sare wanajua maana yake. Desemba ni mwezi wa kukata na kushona, Januari ni mwezi wa kuuza, na mwaka mzima unaobaki unaishi kwa miezi hiyo miwili. Tulikuwa watu 11. Majora ya kitambaa, oda za shule tatu, vyerehani, mashine ya ovaloki na daftari la madeni, vyote viliteketea.

Siku ya tatu niliwaita wote nyumbani kwa shangazi, tukakaa chini ya mwembe. Nilikuwa nimejiandaa. Niliongea kama robo saa: tutasimama tena, Mungu atafungua njia, sisi ni ndugu. Nilipomaliza kukawa kimya. Kisha mzee wetu, fundi mkataji, akavua kofia akaiweka gotini.

"Mwanangu, maneno yako ni mazuri, tumeyapokea. Sasa Jumamosi kuna kitu, au hakuna?"

Jumamosi ndiyo siku tunayolipana. Sikuwa na jibu, na nilipowatazama nikaelewa kwamba robo saa nzima walikuwa wanalisubiri hilo tu.

Mwongozo huu umezaliwa na swali lile. Masoko yetu yanaungua: Kariakoo Julai 10, 2021, Karume Januari 16, 2022, na Gikomba kule Nairobi mara kwa mara. Baada ya kila moto tunazungumzia mitaji ya wafanyabiashara, bima zao na mikopo yao. Fundi anayelipwa kwa wiki, kijana wa dukani na mama wa kupiga pasi hawatajwi sana. Namwandikia mwenye biashara mwenye watu watatu, kumi, hata thelathini, asiye na ofisa wa kumshughulikia mfanyakazi isipokuwa yeye mwenyewe. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina zake.

Siku ya kwanza: hesabu watu kabla ya mali

Mpigie kila mtu simu, wewe mwenyewe. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp hautoshi, kwa sababu aliyepoteza simu ndani ya moto hatauona, na aliyeshtuka sana hataujibu. Asiyepatikana, tuma mtu mpaka kwake.

Muulize mambo matatu: uko salama? Umelala wapi? Umepoteza nini cha kwako? Hilo la tatu wenye biashara tunalisahau kwa kuwa macho yetu yako kwenye hasara yetu. Kwetu, vyerehani vitatu kati ya vile vilivyoungua havikuwa vyangu, vilikuwa vya mafundi. Kijana mmoja alikuwa ameacha vyeti vyake vya shule kwenye droo ya meza. Na sanduku la kikoba la wanawake saba, lenye fedha na kitabu chake, lilikuwa chini ya meza ya kukatia kwa sababu tuliamini pale ndipo penye usalama kuliko nyumbani. Yaandike yote kwenye karatasi, jina kwa jina. Karatasi hiyo utaihitaji wiki nzima.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na kiini chake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani ameumia, nani anatetemeka, nani hana pa kulala. Sikiliza anayetaka kusema, wala usimlazimishe asiyetaka. Muunganishe na anachohitaji, iwe zahanati, ndugu, chakula au nauli. Huhitaji kuwa daktari ili uyafanye haya. Kuna jambo tunalifanya kwa nia njema na halisaidii: kuwakusanya watu wote siku ya pili na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona usiku ule. Shirika hilohilo linashauri tusifanye hivyo kama tiba. Mwache mtu aongee atakapokuwa tayari, na yule anayemtaka.

Siku hiyohiyo, funga mlango wa lawama. Moto ukizima, swali la kwanza la watu huwa "nani aliacha pasi?" Kwetu walimnong'ona kijana wa mwisho kutoka, na mimi nilinyamaza kwa siku nne kwa kuwa hata mimi nilitaka kujua. Akaacha kuja. Nilipokwenda kwao, mama yake aliniambia hajatoka chumbani tangu Jumatano. Baadaye ilibainika moto ulianzia fremu ya tatu kutoka yetu. Nilimwomba radhi mbele ya wote, lakini zile siku nne siwezi kumrudishia. Kwa hiyo sema mapema, kila mtu asikie: chanzo kinatafutwa na Zimamoto na polisi, na hapa hakuna atakayenyooshewa kidole.

Kabla ya siku ya tatu: kikao cha fedha

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, ndiyo maana nakaa hapa zaidi.

Usiitishe kikao kabla hujakaa na kalamu. Andika hesabu tatu. Kwanza, unadaiwa kiasi gani na wafanyakazi kwa kazi waliyokwisha kuifanya? Pili, una kiasi gani mkononi, benki na kwenye simu, ukitoa cha kula nyumbani kwako? Tatu, kwa kiasi hicho unaweza kulipa wiki ngapi, na kwa kiwango gani?

Kazi iliyokwisha kufanywa inalipwa yote, kwanza, kabla ya msambazaji wa vitambaa na kabla ya mwenye fremu. Sare imeungua, ndiyo, lakini fundi aliishona. Wanaolipwa kwa kipande ndio wanaopunjika hapa, kwa sababu nguo ya kuhesabia haipo tena. Kaa na kila mmoja mkumbuke pamoja. Wengi wana hesabu yao kwenye simu au kichwani, na katika watu wangu sikukuta hata mmoja aliyeongeza.

Kisha wakusanye, uwape majibu kwa lugha ya sokoni. Mimi, baada ya kuumbuka mara ya kwanza, niliwaita tena kesho yake nikasema hivi: "Mliyoyafanya mpaka Ijumaa nayalipa yote Jumamosi. Wiki mbili zinazofuata kila mtu atapata nusu ya wastani wake, hata kama hakuna kazi. Atakayekuja kusafisha analipwa kibarua juu yake. Baada ya hapo sijui. Tarehe 28 saa nne asubuhi nitawaambia, hapahapa."

Neno "sijui" liliniogopesha kulitamka. Lakini likiwa na tarehe linabebeka. Mtu anaweza kumwambia mwenye nyumba, "Nisubiri mpaka tarehe 28." Mtu aliyeambiwa "tutaona" hana la kumwambia mwenye nyumba. Na tarehe ikifika uwepo, hata kama jibu ni baya, hata kama hujapata jibu.

Malipo yakipungua, zungumza na kila mmoja na muweke makubaliano kwenye maandishi, yenye saini na mwisho wa muda wake. Usiyabadilishe masharti ya mtu kwa tangazo. Wala usimkate mtu mshahara kufidia mzigo ulioungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara ambayo hakuisababisha yeye akiwa kazini, na hata aliyeisababisha lazima asikilizwe, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nimewaona wenye maduka wanaogawa hasara kwa vijana wao kama vile vijana hao walikuwa wanahisa. Inaniuma kila ninapoiona.

Wiki ya kwanza: madeni yao

Nilidhani kinachowanyima watu usingizi ni moto. Kwa dada mmoja mshonaji haikuwa hivyo. Alikuwa amekopa ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu, anarejesha kila siku, na cherehani alichokinunua kwa mkopo huo ndicho kilichoungua. Wakopeshaji walikwenda kwake siku ya tano wakabeba godoro na mtungi wa gesi. Hakuniambia. Niligundua kwa sababu aliomba kulala kwa mwenzake.

Kwa hiyo uliza, faraghani, mmoja mmoja: una rejesho lolote wiki hii? Huenda huna fedha ya kumlipia, lakini unaweza kufanya haya:

- Mwandikie barua yenye muhuri wa biashara, inayosema ni mfanyakazi wako, moto umetokea tarehe fulani, na malipo yake yanatarajiwa kurudi lini. Ambatisha barua ya serikali ya mtaa.
- Fuatana naye kwa mkopeshaji. Mkopeshaji anapoona bosi amekuja, mazungumzo huwa mengine. Ombeni rejesho lisimame wiki kadhaa au ligawanywe upya, na mliandike.
- Ukiwa na kidogo, mpe malipo ya awali dhidi ya kazi ijayo, bila riba, kwa kiwango kimoja kwa wote ili isionekane una wapenzi.

Usimkopeshe kwa riba, na usimdhamini kwenye mkopo mwingine wa kulipia mkopo.

Lile sanduku la kikoba lilitugharimu jioni tatu. Tulikaa na wanawake wote saba, tukaunganisha kumbukumbu na jumbe za kwenye simu, mpaka kitabu kikaandikwa upya na kila mmoja akakubali kiasi chake. Fedha zenyewe zilikuwa majivu. Waliamua wenyewe kuanza tena kwa mchango mdogo zaidi. Mimi nilitoa daftari na chai, lakini nadhani jioni zile tatu ziliwarudisha watu wale pamoja kuliko kikao chochote nilichokiitisha mimi.

Kusafisha majivu

Kazi ya kusafisha ni kazi, ilipwe. Usiite "kujitolea" jambo ambalo mtu anaogopa kulikataa.

Wasiingie mpaka Zimamoto waseme jengo ni salama na TANESCO wahakikishe umeme umekatwa. Nunua buti, glavu nene na barakoa, na weka maji ya kunywa. Mabati yaliyojikunja hukata kama wembe na misumari hufichwa na majivu, kwa hiyo atakayechomwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akaulizie sindano ya pepopunda. Akiumia hapo ameumia kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamhusu kila mwajiri wa Tanzania Bara, mkubwa kwa mdogo, na mchango analipa mwajiri, bila kumkata mfanyakazi. Toa taarifa ya ajali mara moja, usisubiri kidonda kipone.

Mwache kila mtu atafute kwanza kwenye sehemu yake. Mama wa pasi alichambua majivu asubuhi nzima akapata mkasi wake, mweusi, mpini umeyeyuka. Aliufunga kwenye kanga akaenda nao nyumbani. Haukati tena, na hakuna aliyemuuliza wa nini.

Ikibidi kupunguza watu

Jaribu kwanza njia nyingine, na uzitaje mbele yao: kufanya kazi kwa zamu, siku chache kwa wiki, au mtu kuchukua likizo yake ya mwaka sasa, ambayo ni siku 28. Wao wana mawazo kuliko unavyodhani. Kwetu mafundi wawili walijitolea kushonea majumbani mwao kwa vyerehani vya kuazima, nami nikawapelekea vitambaa.

Ikishindikana, kuna utaratibu. Sheria ile ya Ajira ya 2004 inakutaka utoe taarifa mara tu unapofikiria kupunguza, uwape maelezo yote yanayohusika, na ujadiliane nao kabla ya kuamua: sababu ni nini, kipi kinaweza kuepusha, nani atachaguliwa na kwa kigezo gani, lini, na kwa malipo yapi. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28. Aliyetimiza miezi 12 analipwa kiinua mgongo kisichopungua siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza, mpaka miaka 10. Chukua fundi wa 260,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki: siku moja ni kama 10,000, siku 7 ni 70,000, na kwa miaka 6 ni 420,000. Ongeza likizo asiyoichukua na cheti cha utumishi. Kwa wasomaji wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka.

Kama ulikuwa unampelekea michango NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, msaidie kufuatilia fao la upotevu wa ajira. Aliyechangia miezi isiyopungua 18 na kupoteza kazi bila hiari yake anaweza kupata theluthi ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6. Kama hukuwa unapeleka, jua kwamba umemwondolea mtu wako kinga hiyo, na ukifungua tena uanzie hapo.

Habari hii mpe mtu ana kwa ana, ameketi, asubuhi, tena siyo Ijumaa jioni. Mueleze waliobaki pia jinsi ulivyochagua, la sivyo kila mmoja ataishi akihesabu zamu yake.

Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu: macho yasilale

Wiki za mwanzo karibu kila mtu hulala vibaya, hushtuka, husahau. Hiyo ni kawaida na kwa wengi hupungua yenyewe. Ambaye baada ya kama mwezi mmoja bado anaota moto kila usiku, anakwepa eneo la kazi, amekuwa mkali kupita kawaida yake, ameanza kunywa sana, au anasema heri angeungua naye, huyo anahitaji mtaalamu. La mwisho lisisubiri mwezi: usimwache peke yake siku hiyo, fuatana naye hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, Muhimbili iko Dar es Salaam na Mirembe iko Dodoma. Daktari akimpa mapumziko, ni likizo ya ugonjwa kama ya malaria: kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara.

Lugha ina uzito hapa. "Tushukuru Mungu tuko hai" ni kweli, nami nalisema, lakini likisemwa haraka humfunga mdomo mwenye la kusema. Jaribu hivi: "Naona siku hizi huli na wenzako. Kuna nini, dada?" Kisha nyamaza. Akikuambia, yabaki kwako.

Yule mama wa pasi, tulipowasha pasi ya mkaa mara ya kwanza, alitoka nje akasimama kando ya barabara, ameshika ukuta. Nilikosea nikamfuata na kumwambia ajikaze. Mzee mkataji alinivuta kando: "Mwache. Mpe vifungo." Alishona vifungo wiki tano. Siku moja aliichukua pasi mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akaanza na kola.

Kufungua tena

Oda zikirudi utataka kuwakimbiza watu ili ufidie. Mipaka haikuungua: saa 45 kwa wiki, saa za ziada kwa makubaliano na zisizidi 50 katika wiki nne, kila moja ikilipwa mara moja na nusu. Zikatae oda usizoziweza. Mimi niliipa karakana ya jirani shule moja kati ya zile tatu, ikaniuma, lakini watu wangu walilala.

Kabla ya kupanga meza, waulize waliokuwepo mashine zikae wapi na mlango wa pili uwe wapi. Weka kizima moto, fanyeni zoezi la kutoka, andika 114, namba ya Zimamoto, ukutani. Mpe mtu mmoja, kwa zamu ya wiki, kazi ya kuzima swichi kuu jioni, na wa pili ahakikishe. Kwetu kijana aliyenong'onwa ndiye aliyeomba zamu ya kwanza.

Nawe utafute wa kumwambia, nje ya karakana. Mimi nilimwambia shangazi, kwa sababu wafanyakazi walikuwa na ya kwao ya kubeba.

Jumamosi ya kwanza lipa kabla ya adhuhuri, hata kama kilichopo ni kidogo, kila mtu aone jina lake na kiasi chake na atie saini kwenye daftari jipya. Kisha piga picha ule ukurasa, na uutume kwenye simu ya mtu mwingine mmoja mnayemwamini wote.